Maji Yaliyomwagika: Historia ya Kiu ya Mgonjwa

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii hutumiwa kwa mambo ambayo mwanadamu hana tena uwezo wa kuyarudisha: neno lililokwisha kutamkwa, ujana uliopita, au mali iliyofujwa. Ukweli wake katika mambo hayo haukanushiki. Lakini kuna mahali pamoja ambapo methali hii ilishikwa kwa muda mrefu kuwa ni kweli, hali si kweli, napo ni mwilini mwa mgonjwa. Maji yaliyomwagika kutoka katika mwili wa mwanadamu yanazoleka. Huzolewa kwa kikombe na kurudishwa kwa njia ya kinywa. Jambo hili, ambalo mtu aweza kudhani kuwa kila mama amelijua tangu dunia kuumbwa, liliwachukua wataalamu karibu miaka 140 kulijua, kulikubali na kulitenda. Katika muda huo watu wasio na hesabu walikufa wakiomba maji, na wengi wao walinyimwa kwa amri ya wale waliokuwa na elimu.

Makala haya yana nia ya kuisimulia historia hiyo. Siku hizi husemwa mengi juu ya faida za kunywa maji ya kutosha, na sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Lakini faida ya kitu huonekana dhahiri pale kinapokosekana. Anayetaka kujua thamani ya maji mwilini asimtazame mtu mwenye afya aliyeketi kivulini na mtungi kando yake. Na amtazame mgonjwa wa kipindupindu.

Mwili wa mtu mzima una maji kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake, na mwili wa mtoto mchanga una zaidi ya hayo. Maji haya hayakutuama kama maji ya dimbwi. Yamo safarini daima. Ndiyo yachukuayo chakula katika damu, ndiyo yapelekayo taka kwenye figo, ndiyo yatokayo kwa jasho ili kuupoza mwili wakati wa joto. Mtu akipoteza maji kidogo tu, kiasi cha sehemu moja au mbili katika mia ya uzito wake, huona kiu. Akipoteza sehemu kumi katika mia, macho huzama, ngozi ikifinywa hubaki imesimama, mapigo ya damu hufifia, mkojo hukatika. Na asiposaidiwa hufa. Katika maisha ya kila siku safari ya kutoka hatua ile ya kwanza mpaka hii ya mwisho ni ndefu, na njiani mna visima vingi. Katika kipindupindu safari hiyo huweza kumalizika kwa saa chache, maana mgonjwa aliyeshikwa sana huweza kupoteza lita moja ya maji kila saa. Jina lenyewe la Kiswahili lina sauti ya kupinduka, na wenye kuliona gonjwa hilo wanajua kwa nini. Mtu hufunga mlango wa duka lake jioni akiwa mzima, na asubuhi hutafutiwa sanda.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ililijua gonjwa hili mapema. Lilipotoka Bengali mwaka 1817 na kuanza kuzunguka dunia, lilifika Maskati mwaka 1821, na Maskati na Unguja zilikuwa nyumba mbili zenye ua mmoja. Mwaka 1859 Richard Burton alifika Kilwa akitoka katika safari yake ya maziwa makuu, akaukuta mji huo umo mikononi mwa kipindupindu. Miaka kumi baadaye lilikuja pigo kubwa zaidi. Safari hii gonjwa halikupanda jahazi. Lilitembea kwa miguu kutoka upande wa Bahari ya Shamu, likapita nchi ya Wamasai, likashuka Pangani, na mwishoni mwa mwaka 1869 likavuka mpaka Unguja. Kutoka hapo lilirudi tena bara pamoja na misafara ya biashara, hata habari zake zikamfikia Livingstone huko Manyema mwaka 1870. Tabibu mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, aliifuata njia yake kwa kuwauliza mahujaji, wafanyabiashara na wapagazi, kisha akaandika kitabu kilichotolewa London mwaka 1876. Kitabu hicho kingali ni hazina kwa mwanahistoria. Ndani yake mna mji wenye visima vifupi vilivyochimbwa jirani na vyoo, na mna maelfu ya watu waliozikwa katika muda wa miezi michache.

Seyyid Barghash, aliyeshika kiti mwaka 1870, ndiye aliyeyaleta mjini kwa mfereji maji ya chemchemi ya kaskazini ya Mji Mkongwe. Kwa kazi hiyo jina lake linastahili heshima kuliko kwa majumba aliyoyajenga, maana jumba humstahi mwenyewe, na maji safi humstahi kila anywaye. Hata hivyo, maji ya mfereji humkinga mtu asiugue. Yule aliyekwisha kuugua alikuwa na haja ya jambo jingine, nalo halikuwa likijulikana Unguja wala katika hospitali za Ulaya. Au tuseme kwa haki zaidi: lilikuwa limekwisha kujulikana, kisha likaachwa. Mwaka ule wa 1869 ilikuwa imepita miaka 37 tangu lilipoandikwa.

Turudi nyuma basi mpaka mwaka 1831, kipindupindu kilipoingia Uingereza kwa mara ya kwanza kupitia bandari ya Sunderland. Kijana mmoja wa Kiayalandi aliyeitwa William Brooke O'Shaughnessy, mwenye umri wa miaka 22, alikwenda huko akaipima damu ya wagonjwa. Aliona kuwa damu yao imepoteza sehemu kubwa ya maji yake na chumvi zake, na ya kuwa vitu hivyo hivyo vilivyopungua katika damu ndivyo vilivyozidi katika choo cha mgonjwa. Neno lake lilikuwa wazi kama hesabu ya dukani: kilichotoka hapa ndicho kilichoingia pale, basi kirudishwe kilikotoka. Tabibu wa Leith katika Uskoti, Thomas Latta, aliisoma habari hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 1832 alichanganya maji, chumvi na magadi, akayatia katika mshipa wa bikizee aliyekuwa ukingoni mwa kaburi. Aliyatia kidogo kidogo mwanzoni bila ya kuona badiliko lolote. Kisha macho yaliyozama yakaanza kung'aa, mapigo yakarudi, mwili ukapata joto, na baada ya painti sita bikizee akasema kwa sauti yenye nguvu kuwa sasa ni mzima. Latta, aliyekuwa amechoka, alimwacha mikononi mwa mwenzake akaenda kupumzika. Mharo na matapishi vikarudi, hakuna aliyemwongezea maji, na baada ya saa tano na nusu bikizee akafa.

Kisa hiki kifupi kina historia yote ndani yake. Hapana shaka kwamba maji yalimfufua, na hapana shaka kwamba alikufa kwa sababu maji yalikatizwa. Wengi wa matabibu wa siku zile walisoma jambo jingine: walisema njia ya Latta imejaribiwa na mgonjwa amekufa. Ni kweli pia kwamba njia ile ilikuwa na kasoro zake. Ilitumiwa kwa watu waliokwisha kukata roho nusu, maji yenyewe hayakuwa yamechemshwa kwa kuwa habari za vijidudu zilikuwa bado, na mara nyingi yalitiwa mara moja tu yakaachwa. Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833, na kazi yake ikasahauliwa pamoja naye.

Badala yake wagonjwa walitendewa nini? Walipasuliwa mishipa ili damu itoke, walipewa dawa za zebaki na za kuharisha ili sumu itoke, na walipewa afyuni. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akifa kwa kuvuja alitobolewa matundu mengine. Na alipoomba maji, mara nyingi alikatazwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa na sura ya hekima. Mgonjwa akinywa hutapika; basi ilisemwa kuwa maji ndiyo yaletayo matapishi. Mgonjwa akinywa huendelea kuhara. Basi ilisemwa kuwa maji ndiyo yalishayo mharo. Kiu ilihesabiwa kuwa dalili ya kupigwa vita, na haikufikiriwa kuwa ni shahidi wa kusikilizwa. Hapa ndipo penye funzo kwa kila aliyesoma. Mwili wa mgonjwa ulikuwa ukisema kweli kwa lugha ambayo hata mtoto huifahamu, na elimu ikamwambia mgonjwa kuwa hajui anachotaka.

Tusiwahukumu watu wa zamani kwa ukali uliopita kiasi. Maji yaliwachanganya kwa sababu yana sura mbili. Mwaka 1854 tabibu John Snow alionyesha kuwa kipindupindu cha mtaa wa Soho mjini London kilitoka katika pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Mwaka huo huo Filippo Pacini wa Florence alikiona kijidudu chenyewe kwa darubini, na mwaka 1884 Robert Koch akakithibitisha mjini Calcutta. Tangu hapo ilijulikana kuwa maji machafu ndiyo gari la gonjwa hilo. Ni vigumu kwa akili ya binadamu kushika mawazo mawili kwa mkono mmoja: kwamba maji ndiyo yaliyomwua jirani yangu, na kwamba maji ndiyo yatakayomponya mwanangu. Lakini mambo ndivyo yalivyo. Ila baya limo katika uchafu. Maji yenyewe hayana hatia.

Njia ya mshipa ilifufuliwa mjini Calcutta mwanzoni mwa karne ya 20 na Leonard Rogers, aliyetumia maji yenye chumvi nyingi zaidi. Vifo vikapungua kutoka zaidi ya nusu ya wagonjwa hadi karibu theluthi yao. Katika miaka iliyofuata njia hiyo ilitengenezwa zaidi, hata katika hospitali nzuri wagonjwa waliokufa wakawa wachache sana. Basi elimu ilikuwa imeshinda? Ilikuwa imeshinda mahali penye sindano, mipira, chupa za maji yaliyosafishwa na mtu aliyefundishwa kuutafuta mshipa. Kipindupindu hakipendi kukaa mahali hapo. Hupenda vijiji vya mabondeni wakati wa mafuriko, na kambi za watu waliokimbia vita. Dawa ilikuwa imepatikana, lakini ilikuwa imefungiwa katika nyumba ambayo maskini hana ufunguo wake.

Ufunguo ulikuwa kinywani. Mwaka 1953 tabibu wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, aliandika katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 186 aliowatuliza matapishi kisha akawapa maji ya chumvi na sukari wanywe. Watu hawakumsikiliza; ilionekana kuwa hakupima vya kutosha. Miaka michache baadaye elimu ya mwili ilianza kueleza kwa nini alikuwa na haki. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza katika mkutano wa Prague kuwa utumbo hauipokei sukari peke yake. Sukari na chumvi huingia pamoja katika mlango mmoja, kama watu wawili wenye cheti kimoja cha njia. Zikiingia, maji hufuata. Na jambo la ajabu ni kwamba sumu ya kipindupindu, ingawa hufungua mabomba yote ya utumbo yamwage maji nje, mlango ule haiugusi. Nyumba inavuja kila upande, lakini mlango wa mbele ungali mzima. Maji matupu hupita bila ya kuingia. Chumvi peke yake haifungui. Lakini maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo chake huingia hata gonjwa likiwa kali.

Hata hapo njia haikuwa rahisi. Robert Phillips, tabibu wa jeshi la maji la Marekani aliyeongeza mengi katika elimu hii, alijaribu dawa ya kunywa huko Manila mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kipimo kisichokuwa sawa, na baadhi ya wagonjwa wakafa. Jambo hilo lilimtia hofu iliyokaa naye. Mwaka 1968 vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walilirudia jambo hilo katika maabara ya kipindupindu ya Dhaka, ambayo Phillips mwenyewe alikuwa mkurugenzi wake. Kitu walichokiongeza kilikuwa kidogo sana, tena kikubwa sana: walipima. Mgonjwa alilazwa juu ya kitanda chenye tundu, na chini ya tundu ikawekwa ndoo. Kilichomwagika katika ndoo kilihesabiwa, na kiasi hicho hicho kikarudishwa kwa kikombe. Wagonjwa walikuwa 29, na haja ya maji ya mshipa ilipungua kwa kiasi cha asilimia 80. Basi mtu anaweza kusema kuwa siku ile methali yetu ilijibiwa na ndoo: maji yaliyomwagika, yakipimwa, yanazoleka.

Lakini jarida la wataalamu ni kitu kimoja, na uwanja wa mauti ni kitu kingine. Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwafukuza watu wapatao milioni 10 wakakimbilia Bara Hindi. Katika mji wa mpakani wa Bangaon kulikuwa na hospitali ndogo, na kipindupindu kiliingia kambini wakati wa mvua. Tabibu Dilip Mahalanabis, Mbengali aliyetoka Calcutta, alikuta vyumba viwili vimejaa wagonjwa waliolala sakafuni, hata ikambidi apige magoti katika uchafu wao ili kuwafikia. Chupa za maji ya mshipa zilikuwa zikimalizika, na watu wa kuzitumia walikuwa wachache. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuwatazama watu wakifa kwa utaratibu uliokubaliwa, au kutumia njia ambayo ilikuwa bado haijaenea. Alichagua la pili. Gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ziliwekwa katika kila lita ya maji. Maji hayo yalitiwa katika mapipa yenye bilula, na kazi ya kuwanywesha wagonjwa wakapewa ndugu zao: mama, dada, mume, yeyote aliyekuwa na mkono wa kushika kikombe. Wagonjwa waliohudumiwa hivyo walikuwa karibu 3,700. Kabla ya hapo kambini walikuwa wakifa karibu 30 katika kila mia. Baada ya hapo walikufa wasiozidi 4.

Msomaji na alinganishe sasa dawa ya Mahalanabis na ile ya Latta. Chumvi ni ile ile, magadi ni yale yale. Kilichoongezwa ni sukari ya kufungulia mlango, na mtu wa kukesha karibu na mgonjwa. Bikizee wa Leith alikufa kwa kukosa mtu wa kumwongezea. Watu wa Bangaon walipona kwa sababu kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumwongezea. Kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka 139.

Sehemu ya mwisho ya kazi ilifanywa na watu ambao majina yao hayamo katika majarida. Tangu mwaka 1980 mpaka 1990 chama cha BRAC cha Bangladesh kiliwatuma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya uhai kwa vitu vya jikoni: chumvi iliyotwaliwa kwa ncha za vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na nusu lita ya maji. Zaidi ya nyumba milioni 12 zilifikiwa. Mshahara wa mfundishaji haukuhesabiwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Ulihesabiwa kwa kadiri ya yale ambayo akina mama waliyakumbuka walipoulizwa baadaye. Hapo mwanzo akina mama walikumbuka vizuri lakini hawakutumia. Ilipochunguzwa sababu, ilionekana kuwa baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha. Mtoto wao akiugua walitafuta vidonge. Basi wakapelekwa kuona kwa macho yao jinsi mgonjwa aliyekauka anavyorudi katika uhai kwa kikombe. Baada ya hapo wakafundisha kwa moyo, na akina mama wakatumia. Mwalimu yeyote aweza kujifunza kitu hapo.

Laiti historia ingeishia katika ushindi huo. Mwezi wa Julai mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliokimbia Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia Goma, mji wa Zaire ya wakati ule, ambao Kiswahili ndiyo lugha ya soko lake. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano. Haikuchimbika kwa choo wala kwa kaburi. Maji ya kunywa yalitekwa katika Ziwa Kivu jinsi yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokaribia 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 23 tangu Bangaon, na pakiti za chumvi na sukari zilikuwa zikitengenezwa duniani kwa mamilioni. Madaktari waliotoka Dhaka kuja kusaidia walieleza baadaye kwa nini vituo vya tiba vilishindwa kuwaokoa wagonjwa wengi: maji yalirudishwa polepole mno, maji ya kunywa yalitumiwa kidogo kuliko ilivyopasa, na wahudumu wengi, pamoja na nia yao njema, hawakuwa wamepata kulitibu gonjwa hilo. Elimu haikupotea kama ilivyopotea ya Latta. Ilikuwapo vitabuni, haikuwapo mikononi mwa waliosimama mbele ya mgonjwa.

Ni vema tujiulize swali hili sisi wenyewe pia, maana haliwahusu wageni wa Goma peke yao. Kwa makadirio, mwaka 1980 watoto wadogo wanaokaribia milioni 5 walikufa duniani kwa kuhara. Siku hizi idadi hiyo imeshuka chini ya nusu milioni kwa mwaka, na maji ya chumvi na sukari yana fungu kubwa katika kupungua huko, pamoja na chanjo, lishe na usafi. Hata hivyo, watoto wanaopewa maji hayo wanapohara hawafiki nusu ya wote. Zimo nyumba ambazo mtoto anayeharisha bado hunyimwa maji, kwa hoja ile ile ya mwaka 1832: akinywa ataendelea kuhara. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, na lita moja ya maji safi. Kipimo hicho chaweza kuandikwa juu ya kiganja. Lakini kishikwe kama kilivyo, maana sukari ikizidi huyavuta maji nje badala ya kuyaingiza, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Sasa tumgeukie yule mtu mwenye afya tuliyemwacha kivulini na mtungi wake. Je, naye anywe kiasi gani? Yapo maneno yaliyoenea kwamba kila mtu lazima anywe bilauri nane kila siku. Mwaka 1945 baraza la wataalamu wa chakula la Marekani lilisema kuwa mtu mzima anahitaji lita mbili na nusu kwa siku, na likaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo katika chakula. Watu wengi waliishika namba wakaiacha sentensi ya pili. Anayekula wali, mchuzi, matunda na kunywa chai amekwisha kunywa maji mengi kabla ya kugusa kata. Kupita kiasi nako kuna hatari yake. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 kati yao walionekana kuwa chumvi ya damu yao imeshuka mno, hasa wale waliokunywa hata wakaongezeka uzito njiani.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kiu ni mjumbe mwaminifu, na rangi ya mkojo ni shahidi wake. Lakini wapo ambao mjumbe wao huchelewa au hana ulimi: mzee, ambaye kiu yake hufifia kwa umri, mtoto mchanga asiyeweza kusema, mchimbaji na mkulima wanaotoa jasho juani kutwa, na mgonjwa mwenye homa. Hao wapewe kabla ya kuomba. Na wapo ambao maji mengi ni kinga yao. Utafiti wa miaka mitano uliofanywa Italia na kutolewa mwaka 1996 ulionyesha kuwa watu waliokuwa wamepata jiwe la figo, walipozidisha maji, waliorudiwa nalo walikuwa 12 katika mia, ilhali wale waliobaki na desturi yao walikuwa 27.

Kutosha, basi, hakuna namba moja. Kutosha ni kurudisha kilichotoka. Hii ndiyo kanuni ya O'Shaughnessy katika maabara, ya Nalin na Cash juu ya ndoo, ya Mahalanabis katika matope ya Bangaon, na ya mama wa kijijini mwenye konzi yake ya sukari guru. Ni kanuni ndogo sana, na bei yake ni ndogo kuliko ya dawa yoyote dukani. Pengine ndiyo sababu ilidharauliwa: wanadamu hawaamini upesi kwamba jambo kubwa laweza kukaa katika kikombe.

Methali ya wahenga na ibaki kama ilivyo kwa neno lililotamkwa na kwa ujana uliopita. Wale waliokufa wakiomba maji katika vichochoro vya Unguja mwaka 1869, na katika mawe ya Goma mwaka 1994, hao ni maji yaliyomwagika kweli kweli, na hatuna kikombe cha kuwarudisha. Tulichonacho ni wajibu kwa yule ambaye angali hai na ulimi wake umekauka. Akisema ana kiu, tumwamini.